PICHA ZISIZO NA UZITO

Kompyuta ni msaidizi mwema wa mtengeneza sinema, lakini inapozidi kipimo huondoa hofu, huondoa huruma, na mwishowe humchosha mtazamaji

Jumamosi jioni, kazi za juma zinapomalizika, jamaa nyingi za askari huketi pamoja mbele ya televisheni. Baba ametoka zamu na kuvua buti. Mama ameepua chungu. Watoto wamekwisha kuchagua sinema waitakayo. Haipiti robo saa ila mji mzima umekwisha kuporomoka. Magari hupaa kama makaratasi, madaraja hukatika, na shujaa hutupwa kutoka ghorofa ya ishirini, akagonga lami, akainuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na maneno yake. Watoto hushangilia. Baba, ambaye anaujua uzito wa mzigo wa mgongoni katika safari ya kilomita thelathini, na ambaye amewahi kumwona mtu aliyeanguka kutoka juu ya lori tu, hupiga miayo na kuanza kusinzia.

Ni ajabu kwamba mtu anayeijua hatari kwa macho yake husinzia mbele ya hatari kubwa kuliko zote. Sababu yake yafaa kutafutwa. Jicho la baba huyo limegundua kwamba vitu anavyoonyeshwa havina uzito. Mji ulioporomoka haukuwapo, lami haikuwapo, na mara nyingi hata mwili ulioanguka haukuwa wa mtu. Vyote vilichorwa kwa kompyuta, tena kwa wingi hata macho yakashiba kabla moyo haujaonja.

HILA ZA ZAMANI

Hila katika sinema si jambo geni. Tangu mwanzo sinema imekuwa sanaa ya kulidanganya jicho kwa ridhaa ya mwenye jicho. Mwaka 1933, Wamarekani walipotengeneza King Kong, sokwe mkubwa apandaye jumba refu la New York, walitumia sanamu ndogo yenye mifupa ya chuma na ngozi ya manyoya. Fundi aliisogeza kidogo sana, akapiga picha moja. Akaisogeza tena, akapiga nyingine. Kwa kuwa sinema hupitisha picha 24 katika kila sekunde, kazi ya siku nzima ilizaa sekunde chache tu.

Mwaka 1975 mwongozaji Steven Spielberg alitoa sinema ya Jaws, ambayo ni habari ya papa mla watu. Papa wake alikuwa wa mitambo, na mitambo hiyo iliharibika kila mara ilipotiwa katika maji ya chumvi. Spielberg alilazimika kumficha papa. Badala yake alionyesha miguu ya waogeleaji kutoka chini, mapipa ya manjano yakiburutwa juu ya maji, na muziki uliokuwa ukikaribia polepole. Zaidi ya saa moja hupita kabla papa hajaonekana waziwazi. Ubovu wa mtambo uligeuka neema, kwa maana mtazamaji alimwumba papa huyo mwenyewe katika moyo wake, na hakuna fundi awezaye kushindana na hofu ya namna hiyo.

Kompyuta iliingia taratibu. Katika Tron ya mwaka 1982, picha zilizoundwa na kompyuta pekee zilifika kama robo saa tu. Mwaka 1991 James Cameron alitumia kompyuta katika Terminator 2 ili kumwonyesha adui wa chuma kinachoyeyuka na kugandamana upya kama zebaki. Hata hivyo, Cameron hakuikabidhi kompyuta kazi ambayo binadamu aliweza kuifanya. Mahali fulani palipohitaji mtu mmoja aonekane mara mbili, alitumia mapacha wa kweli. Mchezaji wake Linda Hamilton alisaidiwa na dada yake pacha.

Namna kazi hii inavyofanywa ni rahisi kueleza ingawa ni ngumu kutenda. Fundi huunda umbo mithili ya wavu, akalitilia mifupa ya kulichezesha, akalivika ngozi, manyoya au chuma. Kisha kompyuta hukokotoa jinsi mwanga unavyoangukia kila sehemu ya umbo hilo, picha moja baada ya nyingine. Mwanga waweza kukokotolewa vizuri sana siku hizi. Uzito ni mgumu zaidi, kwa sababu uzito hauonekani wenyewe. Huonekana katika vitu vingine: udongo unaobonyea, goti linalopinda, kamba inayokaza, mtu anayechelewa kidogo kuinuka.

DAKIKA SITA

Sinema inayotajwa kila mara katika habari hii ni Jurassic Park ya mwaka 1993, ambayo pia iliongozwa na Spielberg. Wengi huikumbuka kama sinema iliyofungua mlango wa kompyuta, na kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini hesabu yake huwashangaza watu. Sinema nzima ina dakika 127. Wanyama wale wa kale huonekana kwa takriban dakika 15 tu, na katika hizo zilizofanywa na kompyuta ni kama dakika sita.

Sehemu iliyobaki ilikuwa kazi ya mikono. Fundi Stan Winston na wenzake walijenga mnyama mkubwa wa mitambo mwenye urefu wa mita kama 12, uzito wa tani kadhaa, na ngozi laini ya mpira wa povu. Katika picha ya usiku wa mvua, ngozi hiyo ilifyonza maji, mnyama akawa mzito kupita nguvu za mitambo yake, akaanza kutetemeka. Mafundi wakawa wanamkausha kwa mataulo kati ya picha na picha. Watoto wawili waliokaa ndani ya gari walipoona kichwa kile kikiteremka juu yao, hawakuhitaji kuambiwa wafikirie kitu. Kitu kilikuwapo.

Jambo la kujifunza hapo ni mpango wa kazi. Mahali mnyama alipotakiwa kukimbia na kuonekana mwili mzima, kompyuta ilifanya jambo ambalo mtambo haukuweza. Mahali alipotakiwa kuwa karibu na mtu, mtambo ulifanya jambo ambalo kompyuta haikuweza. Kabla hata mnyama hajatokea, mtazamaji alikwisha kuonyeshwa maji yakitikisika ndani ya gilasi. Kila mpishi anaielewa kanuni hiyo: chumvi hutiwa ili nyama iwe tamu, wala haipikwi peke yake ikaitwa mchuzi.

RUKIO LA KWELI NA RUKIO LA KUCHORWA

Sinema za jasusi James Bond zatoa ushahidi ulio wazi, kwa kuwa mhusika ni yuleyule na vituko ni vya aina moja. Mwaka 1977, katika The Spy Who Loved Me, bingwa wa michezo ya hatari aitwaye Rick Sylvester aliteleza kwa mbao za theluji hadi ukingoni mwa Mlima Asgard huko Kanada, akaruka katika utupu, kisha akafungua parachuti. Mwaka 1995, mwanzoni mwa GoldenEye, bingwa mwingine, Wayne Michaels, alijitupa akiwa amefungwa kamba kutoka juu ya ukuta wa bwawa la Verzasca nchini Uswisi, wenye kimo cha mita zaidi ya 200. Askari yeyote aliyewahi kuruka kwa parachuti, au kuteremka mwamba kwa kamba, hushika pumzi anapoitazama picha hiyo. Anajua tumbo la mtu yule lilikuwa katika hali gani.

Mwaka 2002 ikatoka Die Another Day. Humo Bond anateleza juu ya wimbi kubwa la bahari yenye barafu huko Iceland, akivutwa na parachuti, huku mlima wa barafu ukiporomoka nyuma yake. Kwa maneno, kituko hicho ni kikubwa kuliko vile viwili vya kwanza. Kwa macho, ni mchoro wa kompyuta ulioteleza juu ya mchoro mwingine. Watazamaji walicheka pale walipotakiwa kuogopa, na picha hiyo bado hutolewa mfano wa mambo yasiyofaa kufanywa.

Watengenezaji walisikia. Sinema iliyofuata, Casino Royale ya mwaka 2006, ilirudi kwenye jasho. Ina mbio za miguu juu ya majengo yasiyokwisha na winchi za ujenzi, na mkimbiaji Sébastien Foucan alizikimbia mbio hizo kwa miguu yake mwenyewe. Ina pia gari lililoviringika mara saba likiwa na dereva ndani yake. Tendo hilo liliingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Kituko chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kuuruka mlima wa barafu unaoporomoka, lakini kilimtikisa mtazamaji zaidi, kwa sababu gari lile lilikuwa chuma na aliyekuwamo alikuwa mtu.

USO WA RUBANI

Mfano wa karibuni zaidi ni Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, habari ya marubani wa ndege za vita za Marekani. Wachezaji walifanyizwa mazoezi ya anga kwa miezi, kisha wakaketi kiti cha nyuma katika ndege za kweli za F/A-18, huku marubani wa jeshi la wanamaji wakirusha ndege hizo na kamera zikiwa ndani. Ndege ya aina hiyo inapokata kona kali, mwili wa binadamu huzidishwa uzito mara kadhaa. Mashavu huvutwa chini, shingo hujikunja, macho hutoka. Nyuso zinazoonekana katika sinema hiyo hazikuigiza taabu. Zilikuwa katika taabu.

Yafaa, hata hivyo, kusema ukweli wote. Sinema hiyohiyo, inayosifiwa kuwa ya kweli, ilikuwa na picha zaidi ya 2,400 zilizoguswa na kompyuta. Ndege za adui ziliundwa kwa kompyuta, na vivyo hivyo makombora na milipuko. Hali kadhalika Mad Max: Fury Road ya mwongozaji George Miller, iliyotolewa mwaka 2015. Sehemu kubwa yake ilipigwa katika jangwa la Namib nchini Namibia, kwa magari ya kweli yakikimbizana na watu wakining'inia juu ya nguzo ndefu zinazoyumba. Lakini kompyuta ilifuta kamba za usalama, ikabadili rangi ya anga, ikaleta dhoruba ya mchanga, na kumwondolea mchezaji Charlize Theron mkono mmoja. Sinema hiyo ilipata tuzo sita za Oscar.

Kwa hiyo shauri si la kuifukuza kompyuta. Shauri ni mahali inapoanza kazi. Katika sinema hizo mbili, mtu na chuma na vumbi vilitangulia, kompyuta ikaja baadaye kama mtumishi. Katika sinema nyingi za miaka hii, kompyuta hutangulia, na mtu huingizwa baadaye kama mapambo.

SIMBA ASIYEJUA KULIA

Wasomaji wa Kiswahili wana haki ya pekee ya kusema juu ya The Lion King, kwa maana majina yake yalitoka katika lugha yao: Simba, Rafiki, na yule ngiri Pumbaa. Sinema ya kwanza, ya mwaka 1994, ilichorwa kwa mkono. Kompyuta ilitumiwa humo hasa katika tukio moja kubwa, la mamia ya nyumbu wanaokimbia bondeni, kwa kuwa mikono ya wachoraji isingaliweza kuchora kwato zote zile. Tukio hilo la dakika chache liliwashughulisha mafundi kwa zaidi ya miaka miwili. Baada yake mtoto anasimama kando ya baba aliyekufa, na hapo uso uliochorwa kwa mkono ulijua kulia. Watu wazima walitoka katika majumba ya sinema wakifuta macho.

Mwaka 2019 hadithi hiyo ilitengenezwa upya chini ya mwongozaji Jon Favreau. Safari hii kila kitu kiliundwa kwa kompyuta, nyasi kwa nyasi na unywele kwa unywele, ili kifanane kabisa na picha ya kamera. Favreau mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika sinema nzima picha ya kweli ni moja tu, ile ya kwanza ya jua likichomoza, iliyopigwa Afrika. Nyingine 1,490 ni kazi ya kompyuta. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni moja na nusu. Lakini wengi walilalamika kwamba nyuso zilikuwa baridi. Simba wa kweli hakunji uso kwa huzuni, na mafundi walipochagua kumwiga simba wa kweli walimnyima Simba wa hadithi machozi yake. Ustadi wote ule ulielekezwa kwenye manyoya.

MCHEZAJI NA TAA

Wingi wa kompyuta humwumiza pia yule aliye mbele ya kamera. Katika The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya mwaka 2001 na 2003, mwongozaji Peter Jackson alitumia kompyuta kujaza majeshi makubwa, lakini alivaa watu wengi mavazi na nyuso za bandia, akajenga miji kwa mifano midogo, na akawaweka wachezaji mahali pamoja kwa hila za kamera zilizomfanya mmoja aonekane mrefu na mwingine mfupi. Aliporudia ulimwengu huohuo katika The Hobbit, kuanzia mwaka 2012, njia ilibadilika. Ian McKellen, mzee aliyebobea katika michezo ya jukwaani, aliwekwa peke yake mbele ya kitambaa cha kijani, akizungumza na picha za wenzake zilizowekewa taa za kumwonyesha ni nani asemaye. Wenzake walikuwa wakichezea mahali pengine. McKellen ameeleza hadharani kwamba siku moja alilia, kwa sababu hiyo haikuwa kazi aliyoichagua alipokuwa mchezaji.

Hata utu wa waliokufa umeguswa. Mwaka 2016, katika Rogue One, uso wa mchezaji Peter Cushing, aliyefariki mwaka 1994, uliundwa upya kwa kompyuta akasemeshwa tena. Jamaa zake walitoa idhini, lakini swali lilibaki kwa walio hai. Mwaka 2023 wachezaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na miongoni mwa madai yao lilikuwa hili: mtu asipigwe picha ya mwili mzima kwa kompyuta siku moja, kisha sura yake ikatumiwa siku zote bila ridhaa na bila malipo.

JASHO LISILOONEKANA

Kuna wengine wanaoumia bila kuonekana kabisa, nao ni mafundi wenyewe. Mtazamaji akiona picha mbaya ya kompyuta husema, "Mashine imeharibu." Mashine haikuharibu kitu. Nyuma ya kila picha kuna mtu aliyekesha.

Mwezi Februari mwaka 2013, sinema ya Life of Pi ilipata tuzo ya Oscar kwa hila za picha, hasa kwa ajili ya chui milia aliye ndani ya mashua pamoja na kijana. Mwezi huohuo kampuni iliyomwunda chui huyo, Rhythm & Hues, ilikuwa imekwisha kutangaza kufilisika, na mamia ya wafanyakazi wake wamepoteza kazi. Sinema yenyewe ilikusanya zaidi ya dola milioni 600. Nje ya ukumbi wa tuzo mafundi waliandamana. Ndani, mshindi alipotaka kuitaja shida ya kampuni, muziki ulipandishwa ili ashuke jukwaani, na muziki uliochaguliwa ulikuwa ule wa papa wa Jaws.

Sababu za dhiki hiyo zaeleweka. Kampuni za mafundi hushindana kwa bei, nayo bei huafikiwa kabla ya kazi kuanza. Kisha mwongozaji hubadili nia mara kumi: mnyama awe mwekundu, awe mweusi, arudi mwekundu. Siku ya kuonyesha sinema imekwisha kutangazwa, na haisogei. Zamani mwongozaji alilazimika kuamua kabla ya kujenga, kwa sababu aliyejenga daraja la mbao hawezi kuliambia liwe la chuma kesho. Kompyuta imeondoa ulazima huo, na mzigo wa kutoamua umehamia mgongoni mwa fundi. Mwishoni mwa mwaka 2019 sinema ya Cats ilifika majumbani kabla hila zake hazijakamilika, ikabidi nakala iliyorekebishwa ipelekwe siku chache baadaye. Mwezi Septemba mwaka 2023 mafundi wa hila za picha katika kampuni ya Marvel walipiga kura, na wote kwa sauti moja wakakubali kuunda chama chao cha wafanyakazi.

UKWELI NAO UNA HATARI YAKE

Haitakuwa haki kusifu kila lililo la kweli. Mwaka 1993 kijana Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, aliuawa kwa bastola katika utengenezaji wa The Crow, kwa sababu kipande cha risasi kilibaki ndani ya mtutu bila kugunduliwa. Sehemu zake zilizobaki zilimaliziwa kwa mtu mwingine na msaada wa kompyuta. Mwaka 2021, katika utengenezaji wa sinema ya Rust huko Marekani, risasi ya kweli ilikutwa ndani ya bastola iliyodhaniwa kuwa salama, na mpiga picha mmoja akafa. Askari hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba silaha haiaminiwi mpaka imekaguliwa. Cheche za risasi zikitiwa na kompyuta na maisha ya mtu yakaokoka, hapo kompyuta imefanya kazi tukufu, na hakuna mtazamaji mwenye akili atakayelalamika.

Wala haba ya fedha si kizuizi cha kuitumia vema. Mwezi Machi mwaka 2024 tuzo ya Oscar ya hila za picha ilikwenda kwa sinema ya Kijapani, Godzilla Minus One, iliyogharimu chini ya dola milioni 15, wakati sinema kubwa za Marekani hugharimu zaidi ya milioni 200. Mafundi walikuwa 35 na picha za kompyuta 610. Mwongozaji Takashi Yamazaki ndiye pia aliyesimamia hila hizo, kwa hiyo aliyeamua na aliyetenda walikaa chumba kimoja. Kiini cha hadithi ni askari, rubani aliyekwepa kwenda kufa vitani, ambaye anarudi nyumbani akiwa na aibu na kumkuta jirani aliyefiwa na watoto akimlaumu kwa kubaki hai. Mnyama mkubwa anapokuja kuukanyaga mji, mtazamaji anajua ni nani aliye chini ya unyayo ule. Uzito wa mnyama umetoka katika uzito wa mtu.

Hapa karibu pia kuna fundisho. Katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, habari ya komando anayewasaka majambazi, iliyojulikana duniani tangu mwaka 2010. Inasemekana haikugharimu hata dola 200. Bunduki ziliundwa kwa mbao na vyuma vikuukuu, na helikopta za kompyuta, ambazo Nabwana alizitia mwenyewe, haziwezi kumdanganya hata mtoto. Lakini wachezaji ni majirani, wanaanguka katika tope la kweli, na mtangazaji VJ Emmie anacheka pamoja na watazamaji. Hila imetangazwa kuwa hila, na watu ni watu. Ndiyo maana picha hiyo yenye kompyuta dhaifu imependwa mahali ambapo picha za mamilioni zimesahauliwa.

KATIKA NYUMBA

Wazazi wengi huuliza kama sinema hizi zawadhuru watoto. Jibu la haraka halipo, lakini kuna jambo moja ambalo nyumba ya askari yaweza kulitenda vizuri kuliko nyumba nyingine yoyote. Mtoto aliyeona miji hamsini ikiporomoka bila kumwona mtu hata mmoja akizikwa, hujifunza kwamba mji ni kitu cha kuporomoshwa. Hajafundishwa ukatili, amefundishwa wepesi. Amezoea mlipuko usio na harufu, anguko lisilo na mfupa uliovunjika, na vita visivyo na mjane.

Katika nyumba hiyo yupo mtu anayejua mambo hayo yalivyo. Baba au mama anayevaa sare hana haja ya kuzima televisheni wala kutoa hotuba. Yatosha aulize, sinema inapokwisha: "Yule mtu aliyeanguka angeumia wapi? Wale waliokuwa ndani ya jengo walikwenda wapi? Nani atawapelekea jamaa zao habari?" Maswali matatu kama hayo hurudisha uzito ambao kompyuta imeuondoa. Yafaa pia watoto waonyeshwe jinsi hila zinavyotengenezwa, kwa maana anayejua kazi ya fundi huheshimu fundi, na hadanganyiki ovyo. Na sinema moja nzuri iliyotazamwa na jamaa wote wakiwa macho hushinda tatu zilizowalaza.

Wazee walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Watengenezaji wa sinema wamevumisha ngoma yao kwa miaka mingi, na dalili za kupasuka zimeanza kusikika. Mtazamaji naye ana sehemu yake. Akikataa kulipia kishindo kitupu, na akaisifu picha ambayo ndani yake mtu anaanguka na kuchelewa kuinuka, watengenezaji watasikia, kama walivyosikia baada ya wimbi lile la barafu. Na baba aliyekuwa akisinzia kitini atafumbua macho.